Muhuri wa Stesheni ya Muringaini

Mimi ni mstaafu. Najua uso mnaoufanya mkisoma hivyo, kwa sababu mama yangu huufanya huohuo kila nikimwambia. "Mtu hastaafu kabla hajaolewa," husema, kana kwamba kuna mahali sheria hiyo iliandikwa. Nilimwuliza iliandikwa wapi. Bado anatafuta.

Lakini kazi niliyoifanya tangu nimalize chuo imefika mwisho, na mtu aliyefika mwisho wa kazi yake anaitwa mstaafu hata kama magoti yake bado mazima. Kazi yenyewe ilikuwa kuwapeleka watu kuona stesheni kuukuu za reli, zile za kati ya Ruiru na Thika na nyingine za mbele zaidi kuelekea mlimani, ambazo treni huzipita bila kupunguza mwendo. Nasikia baadhi yenu mnataka kuirithi. Mmoja alinipigia simu akauliza kama inahitaji digrii. Mimi ninayo, ya historia. Bahasha yake ni ngumu sana, nimeikalia kwenye majukwaa mengi yenye umande.

Pia nasikia mnaambiana kwamba ni mimi niliyeiokoa stesheni ya Muringaini isibomolewe. Si kweli. Nilikaribia kuiangamiza kwa mdomo wangu mwenyewe. Tutafika hapo.

Kwanza viatu. Msivae sandali. Mawe ya reli hayana urafiki na kidole cha mtu yeyote. Pili, mkifika stesheni msianze kupiga picha. Nunueni chai. Kama hakuna anayeuza chai, nunueni chochote kinachouzwa. Nyumbani kwetu kuna vitunguu vilivyotoka kila stesheni ya njia hiyo. Watu wanaoishi kando ya reli wamepanda mahindi kwenye ardhi ambayo si yao, wanajua si yao, na kila mgeni mwenye begi safi wanamwona kama mtu aliyetumwa.

Hilo nilifundishwa na Njuguna, mwendesha boda wa Kiganjo ambaye alikuwa usafiri wangu, mlinzi wangu na mtu wa kunikatiza maneno. Siku zangu za mwanzo nilikwenda na futi ya kupimia, ile ya chuma inayojikunja, kwa sababu nilikuwa nimesoma mahali kwamba majukwaa yote ya enzi ile yalijengwa kwa urefu mmoja, na mimi sikuamini. Nikaivuta kutoka ukingo mmoja wa jukwaa.

"Ciru," Njuguna akasema, "kunja hiyo kitu."

"Napima tu."

"Ndiyo nasema ukunje. Huku mtu hapimi tu."

Kabla hatujamaliza chai, akina mama walikuwa shambani wakivuna mahindi mabichi kwa kasi ya watu wanaoona moto unakuja. Habari zilikuwa zimeshavuka bonde: watu wa reli wamekuja kupima. Nilizunguka nikiwaeleza kwamba ni utafiti. Neno utafiti liliwafanya wavune haraka zaidi. Mwishowe tuliomba radhi kwa kuyanunua hayo mahindi, magunia juu ya magunia, mpaka pikipiki ikakataa kupanda kilima nami nikashuka kusukuma. Futi ile Njuguna aliichukua. Nasikia mke wake huitumia kupimia mapazia.

Jambo jingine. Kila stesheni kuukuu ina mzungu aliyezikwa hapo. Mtaambiwa, kaeni tayari. Mimi nilikuwa nauliza: aliitwa nani? Aliuawa na nini? Kaburi liko upande gani? Hapo wazee wawili huonyesha pande mbili tofauti, na wa tatu huonyesha tangi la maji. Siku moja niliuliza sana mpaka mzee mmoja akakubali kwamba labda mzungu huyo hakufa, alihama. Wageni wangu walisononeka kama waliofiwa upya.

"Umefurahi sasa?" Njuguna akaniuliza tukirudi. "Umemfufua mtu wa watu."

Ulizeni, sitawakataza. Lakini msiulize mpaka mwisho. Mimi sijawahi kuweza kuacha swali katikati, na ndiyo maana mimi ndiye ninayestaafu.

Muringaini ni kituo kidogo ng'ambo ya mashamba ya kahawa, au niseme yaliyokuwa ya kahawa, maana sasa yamekatwakatwa ploti. Kina jukwaa fupi, mti wa muringa, na jengo la mawe lenye chumba cha kungojea na dirisha la tiketi lenye nyavu za chuma. Treni zilipoacha kusimama hapo, aliyebaki ni nyanya mmoja, Cucu Nyokabi. Zamani alikuwa akiwauzia abiria chai kupitia madirisha ya mabehewa. Abiria walipokwisha, aliingiza jiko lake ndani ya chumba cha kungojea, akaendelea kuwauzia vibarua na wachungaji wa mbuzi.

Mara ya kwanza nilipofika niliona kalenda kubwa ya kanisa imetundikwa ukutani kwa nje, juani.

"Cucu, mbona kalenda iko nje?"

"Inua uone."

Niliinua. Chini yake kulikuwa na X ya rangi nyekundu, kubwa kama mlango. Mnaijua X hiyo ya majengo yanayongoja kubomolewa. Kampuni iliyokuwa ikiuza ploti ilitaka barabara yake ipite papo hapo. Cucu hakuwa na kiwanja kwingine wala jiko la pili. Jengo likianguka, chai yake ingeanguka nalo, na mimi ningebaki na stesheni za wazungu waliohama.

"Kwa hivyo umeifunika ili wasikumbuke?" nikauliza.

"Nimeifunika kwa sababu inaharibu ukuta," akasema. "Kunywa chai."

Hapo ndipo anapoingia Bwana Okabe.

Bwana Okabe alikuwa mzee wa Kijapani aliyekuja kumtembelea binti yake, mwalimu wa lugha anayeishi Kahawa Sukari. Binti alidhani babake angetaka kuona simba. Babake alitaka kuona stesheni. Kwao alikuwa ameshatembelea stesheni ndogo za mashambani karibu zote: zile za mbao zilizo katikati ya mpunga na milima, ambako treni yenye behewa moja husimama kumchukua bibi mmoja na kikapu chake, na hakuna mfanyakazi yeyote isipokuwa paka. Alinionyesha picha. Nilimwuliza kwa nini mtu mzima asafiri siku nzima kwenda kukaa kwenye benchi mahali ambapo hakuna kitu. Alifikiri, kisha akasema kwa Kiingereza chake kifupi kwamba ndiyo sababu yenyewe.

Alikuwa na kijitabu. Huko kwao, katika stesheni nyingi, kuna meza yenye muhuri na wino. Muhuri una picha ya mahali pale, mlima au daraja au samaki. Mgeni anajigongea mwenyewe kitabuni kama kumbukumbu, anaurudisha muhuri mezani, anaondoka. Haulindwi.

"Haulindwi?" Njuguna akauliza.

"Haulindwi," nikatafsiri.

"Muhuri?"

"Muhuri."

Njuguna alimtazama yule mzee kwa huruma kubwa, kama mtu anayetoka nchi isiyo na milango.

Kila stesheni tuliyofika, Bwana Okabe alichungulia ndani kutafuta meza yenye muhuri, akakuta kuku. Hakulalamika. Ila kila mara alikifungua kile kijitabu kwenye ukurasa mweupe, akakifunga tena, na mimi siwezi kuvumilia adabu ya namna hiyo. Nikaamua Muringaini itakuwa na muhuri wake.

Fundi wa mihuri pale Thika anakaa kwenye korido nyembamba, kati ya fundi saa na mwuza mafuta ya nywele. Nilimwambia nataka muhuri wenye picha ya stesheni na jina lake, basi.

"Na tarehe?"

"Bila tarehe."

"Muhuri bila tarehe ni mchoro. Sanduku la posta?"

"Stesheni haina sanduku la posta."

"Sasa barua zake hufika aje?"

"Hazifiki."

Alinitazama, akatazama picha, akasema nirudi kesho. Kesho yake nilikuta kazi nzuri kweli: duara, jengo, mti wa muringa mpaka matawi yake, na katikati magurudumu madogo ya kugeuzia tarehe. Chini, kwa herufi kubwa, palikuwa na neno IMEPOKELEWA.

"Hili neno sikuliagiza."

"Najua. Nimekuwekea. Muhuri usiosema kitu watu wataukataa."

Ningebishana, lakini Bwana Okabe alikuwa karibu kuondoka nchini. Tukaenda Muringaini. Alipouona aliinama, akaushika kwa mikono miwili, akaugonga kwenye ukurasa wake mweupe na kupuliza wino ukauke kama mtu anayepoza uji wa mtoto. Cucu alitazama yote hayo kutoka jikoni.

"Huyu mzee ametoka kwao mpaka hapa kuja kugongewa muhuri?"

"Ndiyo, Cucu."

"Kwani kwao hawana?"

"Wanayo. Kila stesheni."

"Na bado akaja kutafuta huu." Alipangusa mikono kwa leso. "Basi huu ni muhuri wa maana."

Bwana Okabe aliuacha mezani, kama desturi yao. Pikipiki yetu haikuwa imefika barabarani kabla Cucu hajauingiza nyuma ya dirisha la tiketi na kutia kufuli.

Nilikaa muda bila kurudi. Niliporudi na wageni wengine nilikuta watu wamejipanga mbele ya dirisha. Nilidhani ni msiba. Njuguna akamwuliza wa mwisho, naye akajibu, "Ni ya muhuri. Simama nyuma yangu."

Ilikuwa imeanza na chama cha akina mama, waliotaka kumbukumbu za mkutano wao zigongwe. Halafu akaja bawabu na barua ya kuomba likizo. Halafu wanakwaya na ratiba yao ya Pasaka. Halafu bwana mmoja aliyetaka karatasi ya kumthibitishia mkewe kwamba Jumamosi alikuwa mkutanoni. Chini ya mti wa muringa mtu alikuwa ameleta mashine ya fotokopi na mwavuli, na kando yake mwingine ametundika shuka la samawati kwa ajili ya picha za pasipoti.

Nilimwendea mwenyekiti wa chama, Mama Shiku, mwanamke mpana mwenye sauti ya kanisani.

"Mama Shiku, huu muhuri unathibitisha nini?"

"Imepokelewa."

"Imepokelewa na nani?"

"Na stesheni."

"Stesheni itafanyia nini kumbukumbu za chama?"

"Ciru, kwani ni wewe utazisoma? Sisi tunataka zionekane zimeenda mahali."

Nyuma ya nyavu Cucu alikuwa amevaa miwani ambayo sikuwahi kuiona. Alikuwa na masharti. Hakugonga wakati maziwa yanachemka. Hakumgongea anayetafuna. Karatasi iliyokunjwa mara nyingi aliirudisha ikanyooshwe. Na hakutaka hata senti kwa muhuri, ila hakuna aliyepanga foleni ile bila kununua chai.

"Na hata wewe," aliniambia nilipojaribu kupita pembeni, "laini iko hapo."

Sasa ile siku. Njuguna alinipigia simu asubuhi. "Kuja. Greda imefika Muringaini." Alinichukua nyumbani kwetu Kahawa Sukari, na njia nzima nilikuwa nikijikariria hotuba: urithi, usanifu, haki ya mkaaji. Nilikuwa nimeipanga katika sehemu tatu. Njuguna alisema kelele yangu inamfanya akose gia.

Tulipofika greda ilikuwa imezimwa. Dereva wake ameketi kwenye benchi la abiria, kikombe mkononi. Wakala wa kampuni, kijana aitwaye Gitau mwenye viatu vyembamba vya kung'aa, alikuwa amesimama mbele ya foleni na faili, akibishana na Mama Shiku.

"Mama, mimi nimeleta notisi. Jengo linatoka leo."

"Imepokelewa?"

"Ndiyo hii nawaletea."

"Kwa hivyo haijapokelewa."

"Nikikupa wewe, si umeipokea?"

"Mimi ni stesheni? Panga laini, kijana. Usituharibie asubuhi."

Nilifungua mdomo kuanza sehemu ya kwanza. Watu wote wakanigeukia. "Ciru, laini."

Na Gitau akapanga laini. Nimelitafakari hilo mara nyingi. Alikuwa na greda. Angeweza kuiwasha. Lakini nadhani mwili wake ulikuwa umerudishwa kwenye madirisha mengi tangu alipochukua kitambulisho, na ulipoona nyavu na miwani nyuma yake ukatii wenyewe.

Alipofika mbele, Cucu aliisoma notisi yote, akirudi mwanzo kila alipofika katikati.

"Nakala ziko wapi?"

"Nakala?"

"Moja yako, moja yangu, moja ya faili."

Akaenda kwenye fotokopi. Akarudi nyuma ya foleni. Akafika tena.

"Hapa imesema jengo. Jengo gani?"

"Hili, Cucu. Uko ndani yake."

"Nitajuaje? Picha iko wapi?"

Akatoka, akalipiga picha jengo kwa simu, yule wa pasipoti akamtolea kwenye karatasi, akiwa ameikata iwe ndogo kama uso wa mtu. Aliporudi dirisha lilikuwa limefungwa. Maziwa yalikuwa yanachemka. Lilipofunguliwa, jua lilikuwa limeegemea upande wa Ruiru, na dereva wa greda alikuwa ameshaitwa kwingine na kuondoka.

"Njoo kesho," Cucu akasema.

Kesho yake wino ulikuwa umekauka. Siku iliyofuata magurudumu ya tarehe yalikuwa yamekwama. Gitau alianza kuzoeana na watu wa foleni. Walimwita "Wa Notisi". Alijua nani ana mtoto mgonjwa, na alikunywa chai yake bila sukari.

Siku moja alinivuta kando. "Siste, si ni wewe ulileta hiyo muhuri? Mwambie anigongee. Mkubwa wangu amekataa kutuma greda tena mpaka aone nakala iliyopokelewa."

Hapa ndipo nilipokaribia kuiangamiza Muringaini. Mtu aliniuliza swali, na mimi nilikuwa na jibu la kweli.

"Gitau," nikamwambia, "muhuri ule hauna nguvu yoyote. Uliundwa Thika, kwenye korido, kwa ajili ya kumbukumbu za mgeni mmoja. Huuhitaji. Lile neno nalo ni fundi aliliongeza."

Njuguna, aliyekuwa karibu akifuta pikipiki, aliacha kufuta. Kitambaa kilibaki hewani.

Gitau alinitazama. Akaitazama foleni, fotokopi, shuka la samawati, bawabu aliyekuwa akitoka na barua yake akiibeba kwa mikono miwili isikunjike.

"Hauna nguvu," akasema.

"Hauna."

"Na hawa wote?"

"Hata mimi hujiuliza."

Akatabasamu pole pole, kama mtu aliyekaribia kuibiwa akagundua. "Unataka nirudi ofisini mkono mtupu nifutwe. Wewe msichana ni mjanja sana. Nitangoja."

Akarudi kwenye foleni. Njuguna alishusha kitambaa. "Ciru," akasema, "Mungu amekusaidia leo hujaaminika."

Mpaka leo notisi ile haijapokelewa. Kampuni ilichoka, ikapitisha barabara upande wa pili, na sasa bango lake pale njia panda linatangaza ploti zinazopakana na stesheni ya Muringaini yenye huduma. Waliipaka X rangi nyeupe wao wenyewe. Gitau alihamishiwa mauzo, na huwaleta wateja kunywa chai.

Mnaona basi kwamba sikuiokoa. Na kuokoka kwake ndiko kulikoniua kikazi. Bwana Okabe alirudi, na safari hii na marafiki zake wa chama chao cha wapenda stesheni tupu. Niliwaahidi kimya, benchi, na upepo kwenye muringa. Walikuta fotokopi inanguruma na mtu anauza soksi. Wenzake walinitazama kama nilivyowahi kutazamwa na wale wageni waliomlilia mzungu aliyehama.

Bwana Okabe hakujali. Alipanga laini kwa furaha, kijitabu mkononi. Alipofika dirishani Cucu alikichukua, akakifungua kutoka mwanzo, akapitia stesheni zote za milima ya kwao, ukurasa kwa ukurasa, akiinua kila muhuri kwenye mwanga: madaraja, samaki, paka. Sijawahi kumwona akitazama karatasi kwa upole vile.

"Mizuri," akasema. "Lakini ukiacha wangu, hakuna hata mmoja ulioandikwa imepokelewa. Mwambie aje kesho, na nakala."

Nilitafsiri. Bwana Okabe aliinama, akauliza dirisha hufunguliwa saa ngapi.

Kesho yake alikuwa wa kwanza. Mimi nilikuwa nyuma yake na barua yangu ya kustaafu, kwa sababu mama alisema hataamini mpaka aone imeenda mahali. Cucu aliisoma yote, akirudi mwanzo kila alipofika katikati. Akasema ni fupi mno, haielezi kazi ilikuwa gani, na nimesahau nakala.

Nimeiandika upya, ndefu, kama alivyotaka. Moja ni yake, moja ni yangu. Hii mnayoisoma ni ya faili.